Ubao, Simu na Subira: Mwongozo Kamili wa Kuwasiliana na Mtu Asiyesema kwa Mdomo

Kwa wiki tatu mpwa wangu alikunywa chai mpaka dada yangu akaanza kunung'unika juu ya sukari. Nilikuwa nimemtengenezea kadibodi yenye picha sita, nikaifunga kwenye meza ya kiti chake, na kila nilipomuuliza anataka nini, ngumi yake ilitua kwenye kikombe. Nikampa chai. Akamaliza, nikauliza tena: chai. Siku moja kadibodi iling'oka, binamu yake akairudisha juu chini bila kuangalia, na ghafla mtoto akawa "anataka" mpira, mpira, mpira. Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Mkono wake wa kulia, kwa sababu ya mtindio wa ubongo, huangukia kona ya chini kulia kila anapourusha. Chai ilikuwa kwenye kona hiyo, basi.

Mimi ni fundi simu hapa Kampala, si daktari. Watu wakisikia habari za mpwa wangu huja kibandani kuniuliza wanunue tableti gani. Huwa nawaambia wakae kwanza. Tableti iko mbali sana kwenye safari hii, na kazi iliyo ngumu kuliko zote ni ya yule anayesikiliza. Niliyoandika hapa ni kwa mzazi, shangazi, mwalimu au yeyote anayeishi na mtu asiyesema, hasa sisi tunaozungumza Kiswahili nyumbani, iwe Katwe, Arua, au kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka II.

Mtu anaweza kukosa usemi kwa sababu nyingi: mtindio wa ubongo, usonji, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, kiharusi ukubwani. Wengi hudhani ni mkosi wa nyumba yao peke yao. Utafiti uliofanywa wilaya za Iganga na Mayuge hapa Uganda, matokeo yake yakatoka 2017, ulikuta mtindio wa ubongo pekee unawapata takribani watoto 3 kati ya kila 1,000. Kwa hiyo kwenye mtaa wenu kuna mwingine, pengine amefungiwa ndani. Na kutosema si kutoelewa. Mpaka uwe na ushahidi wa kinyume, zungumza naye kama anayeelewa kila kitu, na umkemee mgeni anayemjadili mbele yake kana kwamba ni mkeka.

Hatua ya kwanza: masikio, kisha kiti

Kabla hujakata kadibodi, mpeleke akapimwe masikio. Nimeona mtoto aliyeitwa bubu kwa miaka minane, kumbe ni kiziwi. Alichohitaji ni Lugha ya Alama ya Uganda na wenzake wa kuzungumza nao kwa mikono, wala si picha ya kikombe. Hospitali ya Mulago wana kliniki ya masikio, pua na koo. Ukiwa mbali na Kampala, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Macho nayo yaangaliwe, maana ubao wa picha haumsaidii asiyeziona.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache, ingawa Chuo Kikuu cha Makerere wanawafundisha, na cha Kyambogo kuna kitivo kizima cha mahitaji maalumu na urekebishaji. Ukimpata mmoja hata kwa nusu saa, nenda na maswali umeyaandika: je, anameza salama au chakula kinaingia njia ya hewa? Anaelewa maneno kiasi gani? Kiungo gani cha mwili wake kinatii vizuri zaidi? Lakini usikae ukisubiri miadi. Mengi ya hapa chini unaweza kuyaanza leo jioni.

Halafu kiti. Mtu anayepigana na mwili wake asianguke habaki na nguvu ya kuongea. Nyonga ziende nyuma kabisa, nyayo zikanyage kitu kigumu (sisi tulianza na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa mchanga), meza iwe usawa wa viwiko. Katalemwa Cheshire Home hapa Kampala na hospitali ya CoRSU kule Kisubi wanajua mambo ya viti. Ipo pia mbinu iliyoanzia Zimbabwe ya kutengeneza samani kwa maboksi na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa uji mzito wa unga. Kiti chake kikikauka ni kigumu kama mbao. Usikidharau kwa kuwa ni karatasi.

Hatua ya pili: daftari la wiki moja

Nunua daftari la shule. Chora safu tatu: alichofanya, kilichokuwa kikiendelea, na unachodhani alimaanisha. Andika kwa siku saba bila kujaribu kumfundisha chochote. Ukurasa wetu mmoja unasomeka hivi: "Alasiri. Amenyoosha miguu, amegeuza uso ukutani. Redio imezimwa na mama. Nadhani: iwasheni." Siku ya tano nilirudi nyuma nikahesabu. Miguu ilinyooshwa mara kumi na moja, na mara tisa kati ya hizo kuna kitu kilikuwa kimesimamishwa. Miaka yote hiyo tulikuwa tukisema "ana mishipa".

Daftari hilo litakuonyesha kwamba tayari anazungumza, ila kwa lugha ya watu wawili au watatu wanaomjua. Kazi yako ni kumpa lugha ambayo hata asiyemjua ataisoma.

Hatua ya tatu: ndiyo na hapana

Chagua mjongeo anaoumudu, usimbunie mpya. Mpwa wangu akiangalia paa, ni ndiyo. Akigeuza macho kushoto, ni hapana. Usichague kufumba macho, kwa sababu kila mtu hufumba bila kukusudia na utajikuta unasikia majibu ambayo hayakutolewa. Fanya mazoezi kwa maswali ambayo majibu yake hayana utata, tena ya kuchekesha: "Wewe ni mbuzi?" "Mimi ni mjomba wako?" Siku nyingine ageuze yeye, akuambie kwa makusudi kwamba ndiyo, ni mbuzi. Ukiona utani huo, ujue mlango umefunguka.

Uliza jambo moja moja. "Unataka chai au maji?" halijibiki kwa ndiyo wala hapana, na sisi huliuliza kila siku. Na baada ya jibu, litamke ulichokiona: "Umeangalia juu. Nimesikia ndiyo." Hivyo anajua umepokea nini, na anaweza kukusahihisha.

Hatua ya nne: maneno gani yaingie ubaoni

Hapa ndipo mbao nyingi za picha huharibika. Zile ninazoziona ukutani huwa na chakula, maji, choo, dawa, kulala. Huo ni ubao wa wodi. Jiulize wewe umesema nini tangu asubuhi: umesalimia, umebishana nauli na mtu wa boda, umemteta jirani, umelalamika jua, umemwambia mtoto aache. Ni mara ngapi umeomba maji?

Wataalamu waliohesabu mazungumzo ya Kiingereza waligundua kwamba maneno mia chache tu hubeba karibu asilimia 80 ya yote yasemwayo, na mengi ni maneno madogo: enda, tena, hiyo, acha. Kwa hiyo ukifungua ubao wa kigeni utakuta maneno hayo yamepangwa moja moja. Tatizo linaanza ukiutafsiri kisanduku kwa kisanduku. Kiingereza hupanga maneno kama matofali, Kiswahili hushona. "Sitaki" ni mimi, ni kukataa, ni kutaka, yote ndani ya neno moja. Ukimpa mtoto kisanduku cha "mimi", cha "siyo" na cha "kutaka", umemfundisha kuongea kama mtalii wa siku mbili.

Mimi niliacha mizizi ya vitenzi, nikaweka maneno mazima yanavyotoka mdomoni: nataka, sitaki, nipe, twende, njoo, acha, tena, bado, imeisha, nisaidie, angalia, subiri, inauma, sijui. Kisha ya kuuliza: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Kisha mimi, wewe, yeye. Nyakati nilizibebesha jana, leo na kesho, akigusa "jana" na "twende" namjibu, "Ndiyo, jana tulienda." Ngeli usizihangaikie. Kisanduku cha "yangu" kimoja kinatosha, na akisema "mpira yangu" nami namwambia, "Ee, mpira wako, nani kauchukua?" Mtoto yeyote wa miaka mitatu hukosea hivyo hivyo, na hakuna anayemnyang'anya ulimi.

Neno la kwanza kabisa liwe "sitaki". Wazazi hushtuka nikisema hivi. Wanataka mtoto mwenye adabu. Lakini mtu anayelishwa, anayevalishwa na kubebwa na wengine hajawahi kupata nafasi ya kukataa isipokuwa kwa kulia au kung'ata. Akiona "sitaki" inasikilizwa, ataamini maneno mengine yote. Ni kweli kuna yasiyokataliwa. Kwenye dawa ya kifafa mimi husema, "Nimesikia, hutaki. Dawa lazima. Ukimaliza, utachagua wimbo." Kilicho kibaya ni kujifanya hukuona.

Baada ya hapo, salamu. Kwetu mtoto asiyesalimia anaonekana hakulelewa, na hapa Kampala jirani Mganda anasubiri asikie "Oli otya, nnyabo?" Mpwa wangu alikuwa akipitwa na watu kila siku kwa sababu hakuwa na cha kuwaambia. Tulimwekea salamu mbili, ya Kiswahili na ya Kiganda, na ndani ya mwezi mmoja wauza mboga wa njiani walikuwa wakimsimamisha wao. Weka na maneno ya utani na ya ukorofi: "unanichosha", "muongo", "unanuka". Mgeni wetu mmoja aliomba sala ndefu kabla ya chakula, na katikati yake sauti ya kadibodi ikigongwa ikasikika: imeisha, imeisha, imeisha. Dada yangu aliona aibu. Mimi nilitoka nje nikacheka.

Na mapema, kabla hayajahitajika, weka majina ya sehemu zote za mwili, hata za siri, pamoja na "amenipiga", "amenigusa vibaya", "naogopa" na "simtaki huyu". Waovu humchagua asiyeweza kusema kwa sababu hiyo hiyo.

Picha za chakula zipige mwenyewe: posho (ugali) na maharage katika sahani yenu, matoke, rolex (chapati iliyoviringiwa mayai) ya pale kona. Picha ya mkate wa Ulaya wenye nyama katikati haimwambii kitu mtoto wa Kisenyi.

Hatua ya tano: kutengeneza

Kwanza pima mkono. Weka picha mbili, ya kitu anachokipenda na ya kitu asichokijali kabisa, kama soksi. Badilisha nafasi zake mara kumi. Akifuata picha, anachagua. Akifuata kona, ni mwili tu. Ningelijua hili, nisingemaliza sukari ya watu.

Ukishajua mkono unafika wapi, panga visanduku eneo hilo, na kuanzia hapo usihamishe neno hata moja. Chora nafasi zote utakazozihitaji baadaye, tuseme 40, hata kama leo unajaza 12 na kuacha nyingine tupu. Fikiria herufi za simu yako zingekuwa zinahama kila wiki. Kidole hujifunza njia kabla ya jicho. Rangi moja kwa vitendo, nyingine kwa watu, nyingine kwa maswali, inatosha.

Picha zilizochorwa tayari zipo bure. ARASAAC, mkusanyiko wa serikali ya Aragón huko Hispania, una maelfu, na unaruhusiwa kuzitumia bila malipo mradi huziuzi. Juu ya kila picha andika neno kwa herufi kubwa, ili hata konda wa taksi aweze kulisoma. Wachapaji wa Nasser Road hapa Kampala watakuchapia na kukufunikia plastiki wakati unasubiri. Soma tahajia kabla hawajabonyeza, kwa sababu mimi niliwahi kurudi nyumbani na "nisadie" kumi. Omba plastiki isiyong'aa kama wanayo, kwa sababu ile ya kumetameta hurudisha mwanga wa dirisha na picha hazionekani. Usipopata, inamisha ubao kidogo. Tengeneza nakala mbili. Moja itapotea au kumwagikiwa uji.

Kama mkono hauwezi kunyooka

Wengi hukata tamaa hapa, na hakuna sababu. Kama macho yanatii, chukua karatasi ngumu ya plastiki inayoonyesha ng'ambo, kata dirisha katikati, bandika picha kwenye kona nne na pembeni. Ishike kati ya nyuso zenu. Ataangalia picha, nawe utatafuta macho yake kupitia plastiki. Pale macho yenu yanapokutana juu ya picha moja, ndiyo hiyo.

Kama hata macho yanatangatanga, msomee. Sema makundi kwanza: "Ni mtu? Ni kitu? Ni mahali? Ni mwili wako?" Kila swali, nyamaza. Akikupa ndiyo kwenye mwili, shuka: "Kichwa? Tumbo? Mgongo? Mguu?" Mguu, ndiyo. "Unauma? Unawasha? Umekaa vibaya?" Mpangilio uwe ule ule kila siku ili ajue kinachofuata, na mwishoni mwa kila kundi ongeza "au ni jambo lingine?" Bila hilo swali la mwisho atalazimika kuchagua uongo ulio karibu zaidi na ukweli. Ni polepole, sitakuficha. Usiku mmoja ilituchukua dakika kumi na tano kufika kwenye "soksi imekunjamana". Lakini kabla ya hapo usiku kama huo ungeisha kwa kilio mpaka alfajiri.

Hatua ya sita: wewe ndiye unayeanza kuusema ubao

Mtoto mchanga husikia maneno mwaka mzima au zaidi kabla hajasema "mama", na hakuna anayemtungia mtihani. Mtoto wa ubao hupewa kadibodi Jumatatu, Jumanne anaambiwa: "Onyesha maji. Wapi maji? Hapana, siyo hapo." Ijumaa watu wanasema hawezi.

Gusa ubao wewe unapozungumza. Sema sentensi yako kamili, lakini kidole kiguse neno moja au mawili tu. Dada yangu akipika husema, "Posho imeisha, twende dukani," na kidole kinagusa imeisha, kisha twende. Watoto wengine wa nyumba nao wafanye hivyo. Wao ni walimu bora kuliko sisi kwa sababu wanauchezea, wanatukanana kwa huo ubao. Endelea hivi kwa wiki, hata miezi, bila kudai jibu.

Ukiuliza, subiri. Hesabu moyoni mpaka kumi. Mimi huhesabu jerikani moja, jerikani mbili, ili nisikimbie. Kimya hicho kinatesa, na utatamani kumsaidia kwa kurudia swali. Ukilirudia, anaanza kulichakata upya. Na akigusa kitu ambacho hukutarajia, kichukue kama alivyokisema. Akigusa mpira wakati wa chakula, mletee mpira au mwambie, "Mpira, ndiyo, baada ya kula." Usiseme amekosea.

Kuna hofu ambayo kila bibi ataitoa: ukimpa picha atazembea, hatasema kamwe. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walikusanya tafiti zilizokuwapo. Katika watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi, na asilimia 89 waliongeza. Ongezeko lenyewe halikuwa kubwa, kwa hiyo usimuahidi mtu muujiza. Ila hofu hiyo haina mguu.

Hatua ya saba: simu na tableti

Sasa tunaweza kuongea fundi kwa mteja. Mimi nilikosea kwa kununua tableti kuukuu kabla ya yote haya. Siku ya pili mtoto akagundua katuni, na kwa miezi miwili kile kilikuwa runinga. Kifaa cha kuongelea kiwe cha kuongelea tu. Michezo na katuni viende kwenye simu nyingine.

Angalia mambo matatu dukani: spika isikike katikati ya kelele za barabara, betri isiwe imevimba (kioo kikiinuka pembeni, achana nayo), na kioo kiwe kikubwa kiasi cha kulingana na mkono wake. Programu za bure zipo: LetMeTalk kwa Android, inayokuja na picha za ARASAAC; Cboard; na AsTeRICS Grid, ambayo hufunguliwa kwenye kivinjari. Yoyote utakayojaribu, zima data kwanza uone kama bado inaongea, rekodi sauti yako uone kama inakubali, na utafute jinsi ya kuhifadhi nakala ya ubao pembeni. Bila nakala, siku simu ikizama kwenye beseni, mtoto anapoteza maneno yake yote. Nimewaona wazazi wakilia kibandani kwangu kwa hilo.

Sauti ya Kiswahili ya Google ipo kwa Android; ipakue ukiwa mahali penye Wi-Fi kupitia mipangilio ya kusoma maandishi kwa sauti. Inasikika vizuri, lakini ni ya mtu mzima, na ukiiandikia Kiganda inakitafuna vibaya. Kwa salamu na utani tulimtumia binamu yake wa umri ule ule arekodi. Mvulana wa miaka tisa anayewatania wenzake kwa sauti ya mtangazaji wa kike hatakawia kuuacha ubao.

Funga skrini kwenye programu moja. Android ina uwezo huo wa kubandika programu isiondoke mpaka nambari ya siri itumike. Zima arifa. Laini yenye pesa isikae humo. Kama mkono unatetemeka, chukua kifuniko cha kontena la plastiki, kata matundu yanayolingana na visanduku, kipachike juu ya kioo. Mkono utatulia juu ya plastiki na kidole kitashuka tunduni. Kwa asiyeweza kugusa kabisa, Android ina njia ya kuongoza simu kwa swichi moja: mwanga unapita kisanduku kwa kisanduku, yeye anabonyeza ukifika anapotaka. Swichi si lazima iagizwe. Nilichukua kibodi kuukuu ya bluetooth, nikaweka kifuniko kikubwa cha kopo juu ya ufunguo ule mrefu wa nafasi, nikakifunga kwenye kiti usawa wa goti. Mashine zinazofuata macho zipo na ni nzuri, ila bei yake ni maelfu ya dola. Usiuze kiwanja kabla ya kujaribu kifuniko cha kopo.

Umeme ukikatika, kadibodi haizimiki. Ndiyo maana ile ya karatasi haistaafu hata simu ikija.

Mzee aliyepata kiharusi

Kwa mtu mzima aliyejua kusoma, picha za mpira zinaweza kumdhalilisha. Jaribu silabi. Wote tulikariri ba be bi bo bu; chora jedwali hilo, konsonanti zikishuka na irabu zikienda kando. "Maji" inakuwa miguso miwili badala ya minne, na herufi q na x hazikuhusu. Weka majina ya watoto na wajukuu pembeni, yote mazima. Kiharusi wakati mwingine huharibu lugha yenyewe, siyo mdomo tu, kwa hiyo silabi zikimkwama usimlaumu. Rudi kwenye picha za familia, ramani ya kijiji chake, kalenda. Na umwite anavyostahili kuitwa. Mzee haombwi "onyesha choo" kama mtoto.

Onyo moja kuhusu mkono wako

Kuna watu watakuja na mbinu ya kumshika asiyesema mkono au kiwiko na "kumsaidia" kuandika, na ghafla anatoa sentensi ndefu na mashairi. Ikatae. Majaribio yalionyesha tena na tena kwamba anayeandika ni yule anayeshika, mara nyingi bila yeye mwenyewe kujua, na chama cha wataalamu wa usemi cha Marekani kilirudia kuikana 2018. Jipime hivi: mwonyeshe kitu wakati msaidizi yuko nje, kisha msaidizi aingie. Kama jibu linatoka tu pale msaidizi anapolijua, sauti hiyo si yake. Kushika ubao, kutuliza bega, kuegemeza kiti, sawa. Kidole akiongoze yeye.

Hatua ya nane: watu wa nje

Andika ukurasa mmoja kwa nafsi yake, uufunike plastiki, uning'inie kwenye kiti: "Naelewa Kiswahili na Kiganda. Nikiangalia juu ni ndiyo. Kushoto ni hapana. Niulize jambo moja, kisha hesabu mpaka kumi. Ongea na mimi, usiongee na mama." Ongeza dawa anazotumia na anavyomeza. Nakala apewe mwalimu, zahanati, msikiti au kanisa. Shule moja ilituambia ubao ubaki begini kwa sababu "unawavuruga wengine". Nilirudi na mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) na tukazungumza kwa upole juu ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, na ubao ukatoka begini. Sikuhitaji kupaza sauti, ila nilihitaji shahidi.

Mtu wa boda anayempeleka shule, mama yake akiwa amemshika nyuma, naye aliusoma ukurasa ule. Juzi alikuja kibandani kunishtaki: kijana amekataa njia ya mkato, amegeuza macho kushoto mpaka wakazunguka na mafuta yameenda. Nilimuuliza wamepita wapi. Kumbe njia ile ndefu inapita kando ya uwanja, na asubuhi vijana huwa wanacheza. Nilimlipa tofauti ya nauli, na jioni ile nikajaza kisanduku kimoja kati ya vile vilivyokuwa tupu: "njia ile".